Kalmurat Aliyenyimwa Mchi

Enyi majirani wenzangu wa malishoni, nawaambia yaliyotokea nyumbani kwa Sayrakan. Msidhani namsengenya. Yeye mwenyewe ameniruhusu, tena akanionya nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kiangazi kilikuwa ndiyo kwanza kinaanza. Farasi majike walikuwa wamekwisha kukamwa, watoto wao wamefungwa kambani, na hemani mwa Sayrakan kiriba cha kumisi, maziwa ya farasi yaliyochachuka, kilining'inia karibu na mlango. Mnaijua desturi yetu: anayeingia hushika mchi kwanza, akasuka yale maziwa, ndipo akae. Asubuhi ile mimi nilisuka, mpeleka barua akasuka, hata yule mlevi wa ng'ambo ya mto alisuka.

Ni mmoja tu ambaye hakusuka, naye ni wa nyumba ile ile. Kalmurat, mwana wa Sayrakan, ni mtu mzima mwenye ndevu. Alizaliwa haoni, na akili yake huenda polepole. Kutwa alikaa nyuma ya jiko juu ya ngozi za kondoo. Mama yake alimlisha kwa kijiko, akamvisha, akampangusa pua. Nasi tukasifu, "Mama huyu ana moyo!" Tulikosea sote.

Tukiwa tunakunywa, Kalmurat akaanza kujing'ata mkono mpaka ukatoka damu, huku akigonga kichwa kwenye mbao za hema. Haikuwa mara ya kwanza. Sayrakan alimkimbilia, akamkumbatia, wakaanguka wote wawili.

"Simuwezi tena, jirani," aliniambia akilia. "Mgongo umekwisha. Kaka yake, Jeenbai, atakuja na gari mwisho wa mwezi, ampeleke kule mjini wanakofungia watu kama yeye."

Uulkan, mkwe mpya, mke wa kitindamimba wa nyumba ile, alikuwa anachekecha unga. Ulimi wake haujui kupumzika.

"Mama, mbona shemeji hasuki?"

"Umerogwa? Haoni!"

"Kwani mchi unashikwa kwa macho?"

Akamwinua Kalmurat, akamwekea mikono juu ya mchi, naye akaishika kwa mikono yake mwenyewe. Kalmurat alitulia, akasikiliza. Kisha akausukuma kwa nguvu zake zote, kumisi ikaruka na kumlowesha Sayrakan kilemba kizima.

Sayrakan akampokonya mchi. "Umeona? Unamtesa mtoto wangu!"

"Mtoto gani ana ndevu, Mama? Na mimi juzi nilimwaga ndoo nzima. Mbona hukunikalisha nyuma ya jiko?"

Nilicheka, nikaona aibu. Sayrakan alijipangusa matone puani. Kisha akaurudisha mchi mikononi mwa mwanawe.

Msidhani mambo yalinyooka siku ile ile. Kalmurat aliungua kidole, alianguka kwenye mavi ya farasi, na mama yake alifunga macho asione. Lakini Uulkan alikuwa na njia zake. Kabla ya chakula alimpa kijiko akishike. Kabla ya kwenda kwa farasi alimpa kipande cha kamba ya singa za farasi, naye akajua wanakwenda wapi. Akafunga kamba ndefu toka mlangoni hadi kwa farasi, Kalmurat akawa anaifuata kwa mkono peke yake. Siku moja mama alipomsogezea kijiko mdomoni, alikichukua akala mwenyewe. Na mkono ule wa vidonda ukapona, maana sasa ulikuwa na kazi.

Mwisho wa mwezi Jeenbai akafika, viatu vinang'aa, gunia la unga begani.

"Mama, nguo zake ziko wapi? Nataka kuwahi."

Akakuta njia imezibwa. Kalmurat alisimama mbele ya kiriba, amemnyooshea mchi.

"Suka!"

"Niache, bwana, nina haraka."

"Suka!"

"Shemeji," Uulkan akadakia, "humu hakai mtu ambaye hajasuka. Mwenye kiriba amekwisha sema."

Jeenbai akavua koti, akasuka. Kalmurat aliweka kiganja juu ya ngozi, akapima mtikisiko wake. "Bado," alisema. Jeenbai akasuka tena, jasho linamtiririka, sisi tunashikilia mbavu. Kalmurat aliporidhika, alichota kumisi kwa upawa, kidole kikiwa ukingoni mwa bakuli ajue limejaa, akampa kaka yake kwa mikono miwili.

Jeenbai alikunywa yote. Alipoliteremsha bakuli alikuwa analia.

"Hajawahi kunipa kitu," alisema.

"Hatukuwahi kumwachia ampe mtu kitu," Sayrakan akamjibu. "Rudi na gari lako, mwanangu. Unga utuachie."

Hema zima likalipuka kwa vigelegele. Kalmurat, asiyejua tunashangilia nini, alishangilia kuliko wote.

Funzo

Ndugu zangu, kumfanyia mtu kila kitu si kumpenda. Ni kumwondoa duniani angali hai. Asiyeona na asiyeelewa upesi naye anataka kuhitajiwa. Mpeni kazi ya nyumba yenu, mwonesheni kwa mkono, na akimwaga, futeni, ajaribu tena. Sayrakan nusura ampoteze mwanawe kwa huruma, na sisi majirani tulikuwa tunampongeza.

Na siku ukipita hemani kwake, kunja mikono ya shati kabla hujaingia. Mwenye kiriba hana huruma na wavivu.