Sentensi Yangu Ilimpa Fulgensi Kazi, Ikampa na Skola

Wasomaji wenzangu, nina miaka sabini na mbili, naishi peke yangu Majimoto, nalima mpunga. Niliishia darasa la nne. Haya yalinipata miaka ile ya sabini, nikiwa kijana mwenye mchumba, Skola.

Daktari Mzungu wa zahanati ya misheni alitafuta mtu wa kufunga vidonda. Mimi nilikuwa namkatia majani. Akasema ataniwekea nafasi hadi Pasaka, ila nimwandikie kwa Kiingereza, hata sentensi moja, ajue kama nitaweza kusoma chupa za dawa. Baba yake Skola naye alishasema binti yake haolewi na mkata majani.

Wiki nzima nilihangaika na kamusi ya kuazima. Nikaandika kwamba siogopi damu na nataka kujifunza. Je, ni sahihi? Na hata kama ni sahihi, wenyewe Wazungu husema hivyo? Ningejuaje mimi?

Nikampelekea rafiki yangu Fulgensi, aliyefika kidato cha pili na kufundisha elimu ya watu wazima. Akasoma, akacheka.

"Bwana wee, hiki Kiingereza cha kuswagia ng'ombe. Daktari atakufukuza hata kwenye majani. Kaandike tena."

Nikaandika tena... na tena. Mara kumi na moja! Palizi ilipobana nikaacha kukata majani, nikawa namtuma Skola kwake na karatasi, pamoja na mchele wa shukrani. Jibu lilikuwa moja tu: "Amesema bado." Kila safari alichelewa zaidi kurudi. Nilidhani anasubiri masahihisho...

Pasaka ikapita, nikaenda zahanati mwenyewe, mikono mitupu. Fulgensi alikuwa ndani, amevaa koti jeupe. Daktari akasema alidhani kazi siitaki. Akanionyesha barua ya Fulgensi. Mwandiko wake, sentensi yangu. Ile ya kwanza kabisa, hakubadilisha hata nukta.

Habari ya kazi sikuuliza. Niliuliza tu kama Kiingereza kile ni kizuri.

"Kizuri sana," akasema. "Ndivyo tunavyoongea."

Mwaka ule ule Fulgensi akamuoa Skola. Mimi sikuoa. Jioni napika ugali wa mtu mmoja, naongea na redio.

Nyie mnaosoma, nawaomba. Mkiandika neno la maisha yenu, mpelekeeni mwenyewe aliyeliomba. Kama ni kucheka, acheke yeye. Mimi nilikimbia kicheko cha daktari, na wala hakucheka.