Mkono wa Tulinagwe

Marehemu hasemwi vibaya, lakini huyu mwalimu wa kwaya wa Ikolo nitamsema. Rafiki yangu Tulinagwe alipiga kinanda kwa viganja vidogo, basi mwalimu akampachika magunzi ya mahindi katikati ya vidole mbele ya wanakwaya. "Tanua! Mkono wa panya huo!"

Juzi baada ya maziko ya mwalimu, Tulinagwe alifuata sare kanisani mchana. Mvua ikaleta giza. Kinanda kikalia chenyewe, noti mbili zilizoachana mbali, zile zilizomshinda siku zote. Alipokigusa, mkono ukavutwa, mifupa ikaalika.

Jumapili alizifikia zote, waumini wakapiga vigelegele. Mlangoni akanipa mkono, akanisalimu Kinyakyusa: "Ugonile, dada." Kidole chake kidogo kikanipapasa kiwiko.