Vidonge vya Bujiku

Jumanne asubuhi, vibarua waliokuwa wakienda kupalilia mpunga walimkuta Bujiku amesimama katikati ya mfereji mkuu, maji yamemfika kidevuni, akizungumza na mtu ambaye wao hawakumwona. Wawili waliingia wakamvuta. Hakupigana nao. Alilia tu, akawaomba wamwache kwanza amalize maongezi.

Hadi mchana habari ilikuwa imezagaa Rujewa nzima. Wengine walisema alitaka kujiua, wengine kwamba alikuwa ametupa mtoto majini. Lililowaunganisha wote ni moja: ile nyumba ya halmashauri aliyokuwa akiishi ifungwe.

Nyumba yenyewe zamani ilikuwa makazi ya mabwana shamba. Halmashauri iliikarabati, ikavuta maji na umeme, kisha ikawapangisha humo watu wazima sita wenye maradhi ya akili, wengi wao wakiwa wamefungwa kamba majumbani kwao kwa miaka. Haikuwa wodi. Kila mmoja alikuwa na chumba chake, alipika kwa zamu, na aliyeweza kufanya kazi alitafutiwa kazi. Wahudumu walikuwa wawili, Prisca na Anjela. Ijumaa ya wiki ileile baraza la madiwani lilikuwa likae kuamua kama nyumba iendelee au la.

Aliyekataa kuamini maneno ya mtaani ni Ezekia, muuguzi wa afya ya akili hospitalini. Bujiku alikuwa mgonjwa wake wa kujivunia. Alishaanza hata kubeba magunia kwenye mashine ya mpunga ya Bipin. Ezekia aliagiza kopo lake la dawa liletwe. Alimimina vidonge kiganjani, akavigeuzageuza, kisha akapiga simu polisi.

Sajenti Verediana, mpelelezi, alifika kabla chai ya Ezekia haijapoa.

"Rangi ni ileile, afande, manjano," Ezekia alisema. "Ukubwa karibu sawa. Lakini hizi si dawa zake. Hii ni foliki, wanayopewa wajawazito kliniki."

"Inadhuru?"

"Haimdhuru mtu. Ila ni sawa na kutomeza kitu. Kwa hali niliyomwona nayo, amekaa bila dawa wiki kadhaa."

"Na kopo ulilijaza wewe?"

"Mimi, mbele ya Prisca. Wenzake dawa zao zinafungiwa kabatini. Yeye peke yake tulimruhusu akae na zake, maana alishaweza."

Kwa hiyo vidonge vilibadilishiwa ndani ya nyumba. Verediana alikwenda huko mwenyewe, kwa miguu.

Jirani alimpokea kabla hajagonga geti. Alikuwa Nashoni, mzee mwembamba, mkono umeshika ndoo tupu.

"Kamwene, afande. Umekuja kuwahamisha?"

"Kamwene, baba. Nimekuja kuuliza. Nasikia ulizunguka mtaa mzima kuwapinga hawa."

"Nilizunguka, na leo ningezunguka tena," Nashoni alisema bila kuficha. "Mimi nimelipa kodi tangu nina meno yote. Nachota maji mferejini na ng'ombe. Wao, wagonjwa, wana bomba mlangoni na taa mpaka chooni. Hebu niambie wewe, mgonjwa ni nani hapo?"

"Umewahi kuingia humu ndani?"

"Niingie nifuate nini? Na mwezi huu wote nilikuwa Ruaha Mbuyuni kwenye vitunguu. Nimerudi juzi. Muulize mwenye fuso lililonileta."

Verediana alimuuliza mwenye fuso baadaye, na ilikuwa kweli. Wivu wa Nashoni ulikuwa umekaa nje ya geti, na haukuwa na miguu ya kuingia.

Ndani, Prisca alimfungulia mlango wa chumba cha Bujiku, akabaki kizingitini. "Sisi hatuingii bila kukaribishwa," alieleza. "Wanasafisha wenyewe." Verediana alichungulia akiwa amesimama naye. Kitanda kimetandikwa, kiti, dirisha, na ukutani picha kubwa ya Bujiku na Prisca wamesimama mbele ya mashine ya mpunga, wote wawili wanacheka. Picha nyingine hakuiona.

Anjela alikuwa jikoni, tumbo limetangulia. Mimba ya miezi mingi. Verediana aliiangalia mimba, akamwangalia mwenyewe.

"Mimi ndiye niliyeanza hapa," Anjela alisema, akimenya viazi kwa hasira. "Kabla ya Prisca. Bafu hizo nimezisugua mimi. Halafu usimamizi kapewa yeye, kwa sababu anajua kuongea na wakubwa. Wakija wageni wanapiga picha na nani? Na yeye. Mimi nipo jikoni."

"Dawa za kliniki unazo?"

Mkono wa Anjela ulisimama. "Kumbe ndiko unakoelekea."

"Niletee."

Alizileta. Zilikuwa nyekundu, zile za kuongeza damu zilizochanganywa na foliki. Ezekia alipoziona alitikisa kichwa: anayepewa hizo hapewi tena za manjano. Anjela alikuwa na sababu na nafasi, lakini vidonge havikuwa vyake. Hata hivyo, jioni hiyo mtaa mzima ulikuwa umeshamhukumu, na Anjela alirudi kwao akilia.

Jumatano Verediana alipanda pikipiki hadi tambarare ya Usangu, kwa Leokadia, dada yake Bujiku. Baba yao ndiye aliyehamia huko na ng'ombe kutoka kaskazini. Leokadia alimkaribisha kivulini mwa ghala, akamwekea maziwa. Binti yake, Sarah, mjamzito, alikuwa akipepeta mchele pembeni.

"Mama Sarah, pole kwa yaliyomkuta ndugu yako."

"Nimeshapoa," Leokadia alisema. "Nilijua tu. Mimi nimekaa naye tangu mama afe. Akikimbia usiku namfuata mimi. Akivunja vyungu vya watu nalipa mimi. Mume wangu akaondoka kwa ajili yake. Hakuna diwani aliyenijia hapa kunipa hata pole. Halafu wanakuja na gari, wanamchukua, baada ya miezi michache wanatangaza amepona. Nani kamponya? Prisca. Sasa mmeona."

"Ulikuwa unamtembelea?"

"Kila Jumapili baada ya misa. Nakaa barazani kama muuza maziwa. Chumbani kwake sijawahi kuingia hata siku moja, hatukaribishwi. Yeye mwenyewe ananihudumia chai, 'karibu, dada', kama mgeni. Na Prisca naye anamwita dada. Mama aliyemzaa kamtundika nyuma ya mlango kama kanga chafu, na huyo wa halmashauri ndiye yuko ukutani, anacheka."

Verediana alikunywa maziwa yake taratibu. Aliufahamu uso ule. Aliwahi kuuona kwenye kioo chake mwenyewe, mwaka ambao mwanawe alianguka, akampita yeye, mama yake mzazi, na kukimbilia mikononi mwa msichana wa kazi.

Akiwa njiani kurudi ndipo maneno yalipomrudia. Mama nyuma ya mlango. Yeye hakuona mama yeyote.

Alikwenda moja kwa moja kwenye nyumba, akaomba ruhusa, safari hii akaingia. Mlango ulifungukia ndani na kulala ukutani. Aliufunga. Pale, juu ya ubao wa mlango, palikuwa na picha ya mwanamke wa makamo aliyefunga kitambaa kichwani, imekuzwa kutoka kwenye picha ndogo ya kitambulisho. Aliufungua tena, na yule mwanamke akatoweka. Asiyeingia na kujifungia humo asingeweza kumwona.

"Prisca, unaijua picha hii?"

Prisca aliikodolea macho. "Hapana. Ni nani?"

Alhamisi, Bujiku alikuwa ameketi kitandani hospitalini. Sindano ilikuwa imeanza kumtuliza, ingawa ulimi ulikuwa mzito.

"Picha ya mama umeitundika lini?" Verediana aliuliza.

"Nilipopata chumba. Niliikuza kwa mshahara wa kwanza."

"Ulimwonyesha nani? Dada yako?"

"Sijamwonyesha mtu. Sijamwambia mtu."

"Mbona nyuma ya mlango?"

Bujiku alifikiri. "Ile ya ukutani ni ya wageni. Afisa ustawi alisema inapendeza. Mama sitaki kila anayepita amwangalie. Nikifunga mlango nabaki naye. Ndiye wa mwisho namwona nikilala."

Leokadia alifika mchana huohuo na uji kwenye chupa, Sarah akiwa nyuma yake. Verediana aliwakalisha kwenye benchi nje ya wodi. Ezekia na Silvester, afisa ustawi wa jamii, walisimama karibu.

"Sarah," Verediana alianza, "kliniki wanakupa dawa za rangi gani?"

"Za manjano, afande. Zahanati kwetu nyekundu ziliisha. Na wamenigombeza, eti nimezimaliza mapema. Nilikuwa nazo nyingi, sijui zilipotelea wapi."

Leokadia aliiweka chupa ya uji chini.

"Mama Sarah, uliniambia chumbani hujawahi kuingia. Picha ya mama yenu umeiona wapi?"

"Bujiku aliniambia."

"Hakumwambia mtu. Na mlango ukiwa wazi haionekani. Uliingia, ukafunga."

Sarah alimgeukia mama yake polepole, mkono juu ya tumbo.

"Nilikwenda chooni," Leokadia alisema hatimaye. "Wenyewe walikuwa uani wanamwimbia mmoja wao siku ya kuzaliwa. Na yeye anaimba. Nyumbani kwangu hakuwahi kuimba. Mlango wake haukufungwa. Nilitaka tu kuona anapolala. Nikajifungia nilie. Ndipo nikamwona mama. Nikaona na kopo, rangi ileile ya za Sarah. Jumapili iliyofuata nikaja nazo, nikazibadilisha wakati yeye anachemsha chai."

"Ulijua angeugua."

"Nilitaka augue kidogo," alisema. "Arudi nyumbani. Waseme Leokadia ndiye aliyekuwa anamweza. Mfereji sikuuwaza."

"Ile picha ya mama yenu pale mlangoni uliisoma vibaya," Verediana alisema, akamweleza maneno ya Bujiku kama alivyoyasikia. Leokadia alijifunika uso kwa mtandio. Hakuondoa tena mtandio ule, hata walipompandisha kwenye gari.

Ijumaa Silvester alisimama mbele ya madiwani, akawaeleza kwamba aliyeshindwa si mgonjwa wala si nyumba. Walibishana mpaka mchana, kisha wakapitisha nyumba iendelee, na wakaongeza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifikiria: muuguzi awe anazitembelea pia familia zilizobaki na uchovu wao. Prisca alimfuata Anjela kwao, akarudi naye.

Bujiku alipotoka hospitalini alikwenda mwenyewe kituoni. Alikaa mbele ya meza ya Verediana, shati limepigwa pasi.

"Naweza kuifuta hii kesi?"

"Huwezi, kaka yangu. Imeshakuwa ya Jamhuri. Lakini wewe ni shahidi. Utasikilizwa."

"Mimi? Na karatasi zangu za hospitali?"

"Na karatasi zako. Una akili zako, utaapa kama mwingine yeyote."

Aliitazama peni mkononi mwa sajenti.

"Basi andika," alisema. "Dada yangu alinibeba mgongoni kutoka porini, mvua inanyesha, watu wote wamenikimbia. Na dada yangu alininyang'anya dawa mpaka nikaingia majini. Andika yote mawili. Ukiandika moja, sitii sahihi."

Verediana aliandika yote mawili. Bujiku alisoma kila mstari kwa kidole, akatia sahihi.