Sauti ya Mama Ndani ya Diski

Kila alipotoka shule, Kijiko alivua viatu mlangoni, akavisukuma kwa mguu hadi ukutani, kisha akaita, "Shikamoo, mama. Nimerudi." Zamani mama aliitikia kutoka popote alipokuwa, kwa ile sauti yake nzito, ya utaratibu, iliyowafanya hata majirani wanyamaze kumsikiliza. Sasa aligonga meza tu. Mara mbili ilikuwa marahaba. Mara tatu ilikuwa nenda kaoge.

Wiki mbili nyuma daktari alimtoa mama kivimbe kwenye koo. Alimkataza kuzungumza kwa wiki sita, hata kunong'ona. "Sauti itarudi," alisema, "ila siwezi kuahidi kwamba itarudi vilevile." Basi mama alitembea na daftari dogo na kalamu. Akitaka kugomba, aliandika kwa herufi kubwa. Kijiko alikuwa mtoto wake wa pekee, msichana wa miaka kumi na miwili, na jina hilo alilipata kwa sababu utotoni hakulala bila kushika kijiko.

Siku hiyo mama alikuwa jikoni akimenya viazi. Kijiko alikaa mbele ya kompyuta ya nyumbani, iliyowekwa kwenye kona ya sebule. Kesho yake kundi lake lilitakiwa kuonyesha darasani video ya maharage yaliyoota kwenye pamba. Alichomeka flashi, akaanza kunakili video ile kwenye kompyuta. Kompyuta ikakataa. Diski ilikuwa imejaa.

Dawa yake aliijua. Mwenzake wa darasani, yule anayejifanya kujua kila kitu, alikuwa amemwandikia kwenye karatasi: tafuta faili kubwa, zifute, mwaga pipa la taka la kompyuta, halafu washa programu ya kusafisha nafasi tupu.

Kijiko alitafuta. Faili kubwa zilikuwa kwenye folda moja, arobaini na mbili, nazo hazikuwa na majina bali namba tu. "Vitu gani hivi?" alijisemea. Hakufungua hata moja. Alizifuta zote, akamwaga pipa, akawasha programu. Programu ikamuuliza kama ana uhakika. Akabonyeza ndiyo, kama alivyozoea kubonyeza ndiyo siku zote.

Mstari wa kijani ukaanza kutembea kwenye skrini. Asilimia moja. Mbili.

Mama alitokea akijifuta mikono, akaandika kwenye daftari na kumwonyesha: "Ukimaliza niachie kompyuta. Leo natuma kitabu cha sayansi kwa shule ya wasioona. Mtihani wao ni wiki ijayo."

"Kitabu gani, mama?"

"Kile nilichosoma kabla ya operesheni. Sura zote 42." Alipomaliza kuandika akarudi kwenye viazi vyake.

Kijiko aligeukia skrini. Kazi ya mama ilikuwa kusoma vitabu kwa sauti na kuvirekodi, ili wanafunzi wasioona wavisikilize. Kwa miezi mitatu alijifungia chumbani, madirisha yamezibwa kwa mablanketi, jasho likimtoka, akirudia sentensi hadi inyooke. Sura arobaini na mbili. Faili arobaini na mbili.

Alifungua pipa la taka. Tupu. Akafungua folda. Tupu. Asilimia sita. Bila kufikiri alizima skrini, kana kwamba asichokiona hakipo.

Mama alirudi baada ya muda, akatazama skrini nyeusi, akanyoosha kidole kuuliza.

"Imegoma," Kijiko alisema. "Labda ni umeme."

Mama aliitazama taa, iliyokuwa ikiwaka. Akainua mabega, akaandika: "Haya, nitajaribu baadaye." Kisha akampapasa mwanawe begani. Kijiko alitamani lingekuwa kofi.

Alikimbilia bafuni, akafunga mlango, akafungulia bomba ili kilio chake kisisikike. Akilini aliwaona wale watoto wasioona wamekaa kwenye madawati, wanasubiri sauti ambayo haiji. Aliona mama akijaribu kusoma upya, mdomo unafunguka na hakitoki kitu. Je, kama sauti haitarudi kabisa? Basi sauti yote ya mama iliyokuwa imebaki duniani ilikuwa kwenye diski ile, na yeye ameifuta.

Alipofunga bomba alisikia kitu sebuleni. Krr, krr, krr, kama panya anayetafuna ubao. Skrini ilikuwa imezimwa, lakini kompyuta haikuzimwa. Programu ilikuwa bado inafanya kazi.

Huenda bado kuna kitu cha kuokoa, aliwaza, akaenda jikoni.

"Mama, si umeme. Nimefuta sura zako. Zote. Sikujua ni nini. Halafu nikakudanganya."

Kisu kilitua polepole juu ya meza. Mama akafungua mdomo.

"Usiseme, mama," Kijiko alimsihi huku akilia. "Tafadhali usiseme, koo lako."

Mama akaufunga mdomo. Akaandika akikandamiza kalamu hadi karatasi ikachanika: "MPIGIE FUNDI."

Fundi wa kompyuta alikuwa mwanamke mwenye duka dogo mtaa wa nyuma. Kwa kuwa mama hakuweza kuzungumza, ilibidi Kijiko akiri tena, kwa mtu wa pili.

"Hiyo programu bado inatembea?" fundi aliuliza.

Kijiko aliwasha skrini. "Ndiyo. Asilimia kumi na tisa."

"Chomoa waya ukutani."

"Bila kuizima vizuri?"

"Chomoa, mwanangu, sasa hivi. Na asiiwashe mtu."

Akachomoa. Nyumba ikawa kimya kabisa.

Fundi alikuja, akaitoa diski kama anayetoa yai kiotani, wakaenda naye dukani. Aliiunganisha na mashine yake kwa namna ambayo ingesomwa tu, isiandikwe kitu. Mama na Kijiko walikaa kwenye benchi, bega kwa bega, hawatazamani.

"Ukifuta faili, haiondoki papo hapo," fundi alieleza macho yakiwa kwenye skrini. "Kompyuta inafuta jina lake kwenye orodha, inasema hapa pako wazi. Yenyewe bado imelala palepale, mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Sasa hiyo programu yako kazi yake ni kuandika sifuri kila palipo wazi. Unaitumia siku unapotaka kumpa mtu kompyuta na hutaki asome mambo yako. Haiongezi nafasi hata chembe."

Kijiko aliuliza, "Ningefanyaje?"

"Ungefungua faili kwanza ujue ni nini. Ungemuuliza mwenyewe. Kama hazihitajiki pale, mnazinakili kwenye diski nyingine, mnasikiliza nakala kama ni nzima, ndipo mnafuta. Na hiyo video ilikuwa wapi?"

"Kwenye flashi."

"Si ungeionyesha kutoka kwenye flashi hiyohiyo?"

Mama alifunika uso kwa mkono. Kijiko hakujua kama analia au anacheka.

Saa nzima ilipita kabla faili ya kwanza haijaonekana. Fundi aliibonyeza, na duka likajaa sauti nzito, ya utaratibu, ikieleza jinsi maji yanavyopanda kwenye shina. Mama alijishika koo na kusikiliza. Hapo Kijiko akapumua.

Hadi jioni zilipatikana sura thelathini na tisa. Tatu zilikuwa zimeliwa.

"Angesema kesho, tusingepata kitu," fundi alimwambia mama. "Angesema mara ile ile, tungepata zote."

Kesho yake, baada ya shule, mama alimwita Kijiko kwenye chumba cha mablanketi, akamkalisha mbele ya kinasa sauti. Kwanza alimpa daftari asome:

"Kufuta bila kuuliza lilikuwa kosa la mtu asiyejua. Kusema ni umeme lilikuwa kosa la mtu anayejua, na hilo ndilo lililotupotezea sura tatu. Siku nyingine ukiharibu kitu, niambie kikiwa bado kinaharibika. Nitakasirika, lakini tutaokoa kinachookoka. Sasa, watoto wanasubiri. Soma polepole."

Kijiko alifungua kitabu kwenye sura ya kwanza iliyopotea. Mama akaweka kidole chini ya mstari, akatikisa kichwa taratibu kumpa mwendo. Sauti ya msichana ilitoka nyembamba, ikakwama, ikaanza upya, ikaendelea.