Sarafu ya Daraja Ilivyouzwa Kanisani

Ninyi mnaopenda kupigiwa makofi, sogeeni karibu. Habari hii ni yenu kabla haijawa ya Were.

Were alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi pale Dagoretti Corner, na nyumba yake ilikuwa Kabiria. Jumamosi moja jioni nyumba hiyo ilikuwa imetulia vizuri. Peres, mkewe, alikuwa mlangoni akichambua mboga, na kando yake aliketi baba yake, Mzee Okinyi, akiipapasa sarafu ya dhahabu kwa kidole gumba. Ujanani mzee alifunga vyuma kwenye ukarabati wa daraja la zamani la reli huko kwao magharibi. Daraja hilo lilipotimiza miaka mia moja, vibarua wachache waliokuwa bado hai walitunukiwa sarafu yenye picha yake. Macho ya mzee yalikuwa yameanza kuzimika, lakini kidole chake kilijua kila nguzo.

"Hapa ndipo nilikuwa nasimama," alisema. "Chini maji, juu treni."

"Na Jumatatu utaniachia niiuze, Baba? Hutageuka?"

"Uza. Daraja ninalo kichwani. Nataka nimwone Joyline akikua."

Joyline alikuwa mjukuu wake, binti ya Peres. Daktari alikuwa amesema wazi kwamba ni presha ya macho. Mwanga uliokwisha kupotea haungerudi, ila uliobaki ungeokolewa kama mzee angepasuliwa upesi. Sonara mmoja huko mjini alikuwa ameipima sarafu, akaona ni dhahabu tupu, akaahidi kuilipia Jumatatu, na malipo yangetosha upasuaji. Peres aliirudisha kwenye mkebe wake chini ya kitanda cha mzee, akaenda kupika akiwa na raha moyoni.

Sasa niwaeleze ugonjwa wa Were. Huyu bwana hakuweza kuona maikrofoni akaipita. Kwenye harambee alikuwa wa kwanza kusimama, suti imenyooka, kifua mbele. Na alikuwa na ujanja wake. Mnajua desturi yetu: mtu akitoa kitu kiuzwe kwa mnada, mnunuzi hulipa, kisha kwa heshima humrudishia mwenyewe, watu wakashangilia. Were alikuwa na jogoo mmoja mwekundu. Jogoo huyo alikuwa ameuzwa Waithaka, akauzwa Kawangware, akauzwa tena Waithaka, na bado alikuwa akiwika Kabiria! Were alisifiwa kila mahali kwa ukarimu ambao haukumgharimu hata unyoya. Nyumbani, Peres akiomba ada ya Joyline, alijibiwa kwamba biashara ni mbaya.

Jumapili hiyo kulikuwa na harambee ya paa la kanisa huko Waithaka.

"Mzee abaki tu nyumbani," Were alimwambia mkewe asubuhi. "Hizo makelele zitamchosha."

Peres aliguswa. Alidhani mumewe ameanza kuwa na huruma. Lakini mzee alikataa kata kata kukosa ibada, kwa hiyo Peres akamshika mkono wakaenda polepole, wakaketi nyuma kabisa mnada ukiwa umeshaanza. Were hakuwaona. Alikuwa mbele na maikrofoni mkononi, spika mbovu za kanisa zikiikoromesha sauti yake hata isitambulike.

"Wapendwa, leo sikuja na jogoo!" alisema. "Leo natoa dhahabu. Hii coin ni ya daraja letu la zamani la reli. Hii ni historia, wapendwa! Leo nampa Mungu kitu ya maana!"

Kanisa lililipuka kwa makofi. Peres aliinuka kitini. Kabla hajafungua mdomo, Bwana Ndegwa, mwenye nyumba nyingi za kupangisha, alikuwa ameshataja bei yake na wengine wamenyamaza. Alipokea sarafu, akaigeuza, akaitia mfuko wa ndani wa koti.

"Mrudishie! Mrudishie!" watu waliimba, kama walivyozoea.

"Nimenunua mbele ya Mungu," Ndegwa alisema akitabasamu. "Sasa ni yangu. Ama ilikuwa mchezo?"

Were alicheka kicheko kikavu. Na hapo ndipo Mzee Okinyi alipoinuka na fimbo yake, uso umejaa furaha.

"Nani huyo ameleta sarafu ya daraja?" aliita. "Huyo ni mwenzangu! Tulifunga vyuma pamoja! Nileteeni nimsalimie!"

Watu walimpigia makofi yeye pia, masikini. Walidhani ni jambo la kupendeza. Were alimwona, akasogeza maikrofoni mdomoni.

"Mzee," alisema, "mwenzako ametoka kidogo."

Kumwibia mzee ni dhambi. Lakini kumwibia, kisha kumdanganya mbele ya madhabahu huku mikono yake imenyooshwa kusalimia, mimi sina jina la kitendo hicho, na anayelijua anitajie.

Nje ya kanisa Peres alimkamata mumewe koti.

"Baba Joyline, umeuza macho ya babangu."

"Mama Joy, si ungejua nilitaka irudi? Ile kitu hurudi! Nipe tu siku chache, nitaongea na Ndegwa. Usimwambie mzee."

Peres alichemka kwa hasira, lakini alinyamaza, na kunyamaza huko kulikuja kumuuma kuliko yote. Jumatatu alimwambia baba yake kwamba sonara amesafiri. Kisha akaenda uani akamchinja yule jogoo. Alipomfuata Ndegwa ofisini kwake mjini, aliambiwa malalamiko ampelekee mumewe aliyeiuza. Sarafu ilikuwa imeshayeyushwa ikawa bangili ya mke wa Ndegwa.

Kila jioni Mzee Okinyi alimuuliza Were, "Yule mwenzangu hajapita?"

"Atakuja, Mzee," Were alijibu kila mara, akainamia sahani yake.

Baada ya miezi kadhaa Peres alichoka. Alimwambia mumewe auze pikapu yake alipie upasuaji, ama yeye na Joyline wahame. Were aliuza, lakini muda ulikuwa umekwenda. Daktari alimulika jicho moja, akamulika la pili, akazima tochi. Hakukuwa tena na mwanga wa kuokoa.

Waliporudi nyumbani Were alipiga magoti mbele ya kiti cha mzee, akaanza kulia na kueleza. Mzee alimkatiza.

"Jumapili ile ile jioni nilipapasa mkebe nikaukuta mtupu. Pale kanisani nilifurahi kweli, nikadhani kuna mmoja wetu aliyebaki. Lakini wenzangu wote nimewazika, Were. Kila jioni nilikuuliza ili useme ukweli. Wewe ukala chakula chako."

"Nisamehe, baba."

"Sijakusamehe. Na wewe, Peres, ulijua."

Peres alitaka kumshika mkono. Mzee aliuondoa, akaushika wa Joyline, akaanza kuupapasa uso wa mtoto huyo kwa kidole gumba: paji, pua, kidevu. Hakuna aliyeweza kumtazama.

MAFUNZO YA HABARI HII

Toa kilicho chako. Ukitoa cha mwenzako huo ni wizi, hata kama unafanyika kanisani na kwaya inaimba. Anayetoa akitarajia kurudishiwa hajatoa chochote, na siku moja atakutana na mnunuzi anayeondoka na mali.

Wewe mke, mume, jirani, ukijua uovu nyumbani, sema siku hiyo hiyo. Ukimfichia mkosaji unamsaidia.

Na sisi tunaopiga makofi, tuone haya. Tungemuuliza Were swali moja tu, sarafu hii umeipata wapi, Mzee Okinyi angekuwa anaona. Hatukuuliza, kwa sababu paa lilikuwa letu. Paa liko, halivuji. Kila Jumapili mzee huketi chini yake, na wengi wetu tukimwona mlangoni hupitia ule mwingine.