Kipande cha Ndala Kwenye Gitaa

“Nataka spika.”

Nilikuwa nimeinamia redio ya mteja, bisibisi mkononi. Sikuinua kichwa. Sauti ile ningeitambua hata katikati ya soko.

“Spika zipo nyingi. Ya kazi gani?”

“Ya gitaa.”

“Gitaa gani?”

“Fundi, usinifanyie hivyo. Unalijua.”

Nikainua kichwa. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni kwangu, vumbi la chaki kwenye mikono ya shati, gitaa lake la mbao mgongoni ndani ya mfuko ule ule nilioubadilisha zipu mwenyewe. Miezi mitano tulikuwa hatujasemeshana. Kabla ya hapo, kwa miaka miwili mizima, alikuwa akitoka shule anakuja kukaa kwenye kile kiti cha plastiki nyuma ya meza yangu, mimi nachomea waya, yeye anapiga.

Ngoja niseme kilichotutenganisha, usije ukanionea huruma bure. Dada yangu alihamia nyumba mpya, akafanya sherehe, akamwomba Mwalimu apige. Akakodi maspika makubwa kama makabati, wakayapanga nyuma ya mgongo wa Mwalimu. Alipogusa nyuzi mbili tu, yakatoa yowe ambalo lilimfanya shangazi aangushe sahani. Watu wakacheka mpaka machozi. Na mimi nikacheka.

Mimi, fundi! Nilijua kabisa kinachotokea. Spika inamwaga sauti ndani ya tundu la gitaa, gitaa linairudisha kwenye spika, inazunguka hivyo mpaka inageuka yowe. Hatua tatu na kitufe kimoja, ningelimaliza. Lakini nilikuwa nimekaa na ndugu zangu, nimependeza, nikaona aibu kuinuka.

Kesho yake akaniandikia ujumbe mmoja tu: “Kucheka nimekusamehe. Lakini ulijua dawa yake, ukakaa.”

Sikujibu. Aibu ikishageuka hasira, mtu hajibu.

“Unapiga wapi?” nikamuuliza sasa, nikijitia niko kazini.

“Mgahawa wa chai, karibu na posta. Jumamosi saa kumi jioni. Kuna bwana anataka kumchumbia mwanamke mbele ya ndugu zake.”

“Watu wangapi?”

“Arobaini hawafiki.”

“Na wewe umependa ipi?”

Akanyoosha kidole kwenye spika ndefu kuliko zote dukani.

“Ile ni ya mkutano wa hadhara, Mwalimu. Huyo bwana anachumbia au anatangaza chanjo?”

Akataka kucheka, akajizuia. Nikapanda kwenye stuli, nikashusha boksi dogo, kimo chake kama ndoo ya kuogea.

“Hako?” akasema.

“Kaheshimu kwanza. Kana matundu mawili: hapa unachomeka gitaa, hapa maikrofoni ukitaka kusema neno. Kana betri, umeme ukikatika wewe unaendelea. Na unakabeba kwa mkono mmoja, hukodi gari.”

“Watanisikia?”

“Watu wanakunywa chai. Hawataki kelele, wanataka kukusikia wewe. Sasa sikiliza vizuri. Usikaweke nyuma yako tena.”

Neno hilo la mwisho lilituchoma wote wawili. Yeye akatazama sakafu, mimi nikatafuta waya ambao sikuuhitaji.

“Kaweke juu ya kiti,” nikaendelea, “mbele yako kidogo, pembeni, kaelekee watu. Besi ipunguze. Na hili tundu la gitaa tulizibe, ndiko yowe linakoingilia.”

Kizibo cha kiwandani sikuwa nacho. Nikavua ndala yangu ya mguu wa kulia, ya bluu, nikaipima juu ya tundu, nikachora duara kwa kalamu, nikakata kwa wembe. Kipande kikaingia tunduni kikabana.

“Umeharibu ndala yako.”

“Ninayo nyingine, ya kushoto.”

Hapo alicheka. Jamani, nilikuwa nimekisahau kicheko kile! Akanitazama kama mtu mwenye neno, akalimeza.

“Huyo mwanamke anayechumbiwa ana bahati,” nikasema, ili ukimya uishe.

“Nadhani,” akajibu, akabeba boksi lake kwa mkono mmoja, akaondoka.

Sijamaliza hata ile redio, dada akapiga simu.

“Mdogo wangu, Jumamosi nakuomba usivae ile suruali ya grisi. Bwana Mabati ametualika chai, ukoo mzima.”

“Wapi?”

“Kale kamgahawa karibu na posta.”

“Saa ngapi?”

“Saa kumi. Mbona sauti imekukauka?”

Nikakaa kwenye kile kiti cha plastiki. Bwana Mabati ana duka kubwa la vifaa vya ujenzi. Miezi mitatu alikuwa akiniletea chakula cha mchana, halafu anasimulia habari zake mpaka chakula kinapoa. Dada alimpenda kuliko nilivyompenda mimi. Habari ya kuolewa naye sikuwa nimeikubali, wala sikuwa nimeikataa, na kosa hilo ni langu.

Nikamwandikia Mwalimu: “Unamjua huyo mwanamke wa Jumamosi?” Nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena. Nilijiambia nitakwenda, nitakunywa chai, nitajua huko huko.

Jumamosi nilipoingia, meza zilikuwa zimeunganishwa, ndugu zangu wamejipanga, vikombe vimeshajaa. Mwalimu alikuwa kwenye kona karibu na dirisha. Boksi lilikuwa juu ya kiti, mbele yake kidogo, pembeni, limeelekea watu. Kila kitu kama nilivyomwambia. Akaniona. Hakushtuka hata kidogo, na hapo nikajua kwamba alijua tangu mwanzo.

Bwana Mabati akanivutia kiti, kisha akatazama kona ile.

“Hako ndiko kaspika? Nimekodi mwanamuziki au muuza dawa ya panya?”

Watu wakacheka. Yeye akaona amepatia, akasimama kabisa.

“Na hiyo ndala kwenye gitaa? Toa huo uchafu, tunapigwa picha hapa.”

“Bwana, ikitoka sauti itasumbua,” Mwalimu akasema taratibu.

“Aliyekulipa ni nani?”

Mwalimu akakitoa kile kipande, akakitia mfuko wa shati. Bwana Mabati akalibeba boksi mwenyewe, akalipeleka nyuma ya Mwalimu lisionekane kwenye picha, akakizungusha kitufe mpaka mwisho.

“Haya. Tusikie.”

Uzi wa kwanza tu, yowe. Lile lile! Shangazi, maskini, akaangusha kikombe. Wajomba wakajishika mbavu. Bwana Mabati alicheka kuliko wote, mkono wake begani kwangu.

“Umeona, mrembo? Mwalimu abaki na chaki zake.”

Nilikuwa nimekaa na ndugu zangu, nimependeza, kama siku ile. Mwalimu hakuniangalia. Alikuwa anatazama viatu vyake, amebana nyuzi zote kwa kiganja, anangoja kicheko kiishe. Hakutegemea chochote kutoka kwangu. Hilo ndilo lililoniinua.

Dada akanishika gauni. “Kaa chini, tunatazamwa!”

“Nilishakaa mara moja, dada. Inatosha.”

Nikatembea na vile viatu virefu visivyonizoea. Nikakirudisha kitufe. Nikalibeba boksi, nikaliweka juu ya kiti, nikaligeuzia watu. Besi nikaipunguza.

“Leta ndala.”

Akaitoa mfukoni. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Nikaibana tunduni mwenyewe.

“Piga.”

“Nipige nini?”

“Ule wimbo wa dukani kwangu. Sijawahi kuusikia.”

“Umeusikia miaka miwili.”

“Nikiwa nimekupa mgongo, nachomea waya. Sijawahi kukaa mbele yako.”

Nikavuta kiti, nikakaa mbele yake.

Sijui nikuelezeje. Nimefungua spika zaidi ya nilizoweza kuhesabu. Najua ndani mna karatasi, sumaku na waya mwembamba, basi. Nimevishika kwa mikono hii. Lakini kilichotoka ndani ya kale kaboksi sijakielewa mpaka leo. Nilisikia kidole kinavyotelezea uzi kutoka noti moja kwenda nyingine. Nilisikia mti wa gitaa unavyopumua. Alikuwa anapiga polepole, bila kulazimisha, na sauti ikafika mpaka meza ya mwisho ikiwa laini vile vile, kila mmoja akaipata kana kwamba amekaa naye peke yake. Mhudumu alisimama na sinia mkononi, akasahau anampelekea nani. Dada yangu, ambaye hajawahi kunyamaza tangu nimjue, alinyamaza. Niliogopa hata kukohoa.

Miaka miwili kitu hiki kilikuwa nyuma ya mgongo wangu, kila jioni, na mimi nilikuwa nikisema, “Sogea kidogo, unanizibia mwanga.”

Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Shangazi alisema tu, “Eh!” na akajifuta uso kwa kitambaa cha meza.

Bwana Mabati akakohoa. “Vizuri, vizuri. Sasa, mrembo, turudi kwenye shughuli iliyotuleta. Ila kwanza hiyo ndala, sijui ni ya nani, itolewe.”

“Ni yangu,” nikasema. “Ya mguu wa kulia.”

Nikasimama, nikamgeukia.

“Bwana, umenitendea wema na nakushukuru mbele ya ndugu zangu. Ningekuambia mapema, nimekosea. Jibu langu ni hapana.”

“Kwa ajili ya huyu?”

“Ulipocheka, nilijiona mimi mwenyewe siku ile kwa dada. Sikupenda nilichokiona.”

Alisukuma kikombe chake pembeni. Kisha, nampa haki yake, hakufanya fujo. Alichukua funguo za gari lake, akamwambia mhudumu watu waendelee kunywa, akatoka.

Nilimkuta Mwalimu nje, anaviringisha waya.

“Ulijua ni mimi?”

“Alinionyesha picha yako kwenye simu.”

“Na ukakubali?”

“Ningekataa angeleta wale wa maspika makubwa. Ungeumwa kichwa siku yako.”

“Na spika ukaja kuinunulia kwangu.”

“Ningeipata wapi nyingine ya kuaminika?” Akaacha kuviringisha waya. “Nilitaka usikie vizuri, Fundi. Hata kama ni siku ya kukupoteza, angalau usikie vizuri.”

Machozi yakanitoka hapo hapo, mbele ya posta, watu wanapita.

“Nisamehe. Siombi kwa kucheka. Naomba kwa kukaa.”

“Leo si umesimama?”

Akamaliza kuviringisha waya. Nilibeba boksi kwa mkono mmoja, yeye gitaa, tukaenda dukani kuwasha taa.

Tulioana mgahawani mle mle, na dada ndiye aliyekatazwa kukodi chochote. Kiti cha plastiki siku hizi kiko mbele ya meza yangu. Wateja huniuliza mbona nimevaa ndala ya bluu mguu wa kushoto na nyekundu mguu wa kulia. Nawaambia waje karibu na posta Jumamosi saa kumi, Mwalimu anapopiga, na wawahi viti vya mbele.