Vipimo vya Asubuhi

Kila asubuhi kabla ya kengele, Chiriku alipita nyuma ya madarasa hadi kwenye tangi la maji la shule, mkononi ana daftari jembamba na kalamu. Jina lake la kwenye orodha ya darasa lilikuwa jingine, lakini tangu alipojua kusema hakujua kunyamaza, basi wote wakamwita Chiriku. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na asubuhi hizo alikuwa na kazi nzito: kumsaidia mama yake amalize chuo kikuu.

Mama alikuwa fundi wa simu na redio kwa miaka kumi na mmoja kabla ya kurudi darasani kusomea uhandisi wa kompyuta. Wanafunzi wenzake, wengi wao vijana wa kumwita shangazi, walimbandika jina la Mama Waya. Sasa alikuwa mwaka wa nne. Masomo yote alikuwa ameyafaulu, hata ile hisabati iliyomwangusha mara moja akairudia bila haya. Mafunzo ya vitendo alikuwa ameyafanya mara mbili, na mabosi wake wakamtilia saini. Kilichobaki kilikuwa mradi wa mwisho: abuni kifaa, akijaribu, aandike ripoti, kisha asimame mbele ya jopo la wahadhiri akitetee. Bila mradi hakuna shahada, hata mtu awe na alama za kujaza gunia.

"Ng'ombe nimeshamla," mama alipenda kusema akicheka. "Umebaki mkia, na mkia haunishindi."

Kifaa chake kilikuwa cha kupima maji. Juu ya tangi alifunga kihisi kidogo kama kiberiti, ambacho kilituma sauti isiyosikika kwa masikio, ikagonga maji na kurudi kama mwangwi. Kwa kuhesabu muda wa mwangwi, kifaa kilijua maji yako wapi, kikaandika namba kwenye kioo kidogo dirishani mwa mtunza shule na kuiweka kwenye kumbukumbu yake. Maji yakipungua, kingempigia king'ora awashe pampu. Wanafunzi wasingekuta tena mabomba makavu.

Lakini je, kifaa kilisema kweli? Ubavuni mwa tangi mama alining'iniza mrija mweupe unaoonyesha maji ndani, wenye alama za sentimita. Kwa wiki mbili, asubuhi na mchana, Chiriku alipaswa kusoma mrija kwa macho yake na kuandika.

"Kwani namba si ipo dirishani?" aliuliza siku ya kwanza.

"Mwanafunzi hajisahihishii mtihani wake," mama alijibu. "Wewe ndiye msahihishaji."

Wiki ya kwanza Chiriku alisoma kama alivyoagizwa. Wiki ya pili timu ya netiboli ikaanza mazoezi ya asubuhi, kwa sababu mechi na shule jirani ilikuwa imekaribia. Nahodha, msichana mrefu aliyeitwa Twiga, hakutaka mchezo na uchelewaji.

"Kutoka uwanjani hadi kwenye tangi ni kuzunguka shule nzima," Twiga alisema. "Dirisha la mtunza shule si hili hapa? Chungulia, andika, njoo tucheze. Nani atajua?"

Chiriku akachungulia. Kioo kilisema mia moja arobaini na mbili. Akaandika mia moja arobaini na moja, ili isifanane mno, akakimbilia mpira. Kesho yake akafanya hivyohivyo. Asubuhi tano zikapita, na daftari likajaa namba nzuri zisizotoka kwenye mrija.

Jumamosi, mama akamchukua waende naye chuoni. Ofisi ya msimamizi wa mradi ilikuwa ghorofa ya tatu, imejaa vitabu na vipande vya mashine. Msimamizi alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani mbili, moja machoni na moja kichwani. Alipitisha kidole kwenye jedwali polepole.

"Mama Waya, wiki ya kwanza asubuhi kifaa kinapishana na mrija sentimita tano, sita, hata kumi. Wiki ya pili kinapishana moja tu, kila asubuhi. Ulitengeneza nini hapo katikati?"

"Sikugusa kitu, mwalimu."

"Una hakika na msomaji wako?"

Mama akamshika Chiriku bega. "Msomaji ni huyu. Binti yangu anapayuka, sikatai, lakini hadanganyi. Namba zake nazitilia saini hata sasa."

Msimamizi akaitikia kwa kichwa na kuwarudishia karatasi. Chiriku akatangulia mlangoni. Walishuka ngazi, mama akiimba kwa pua. Kila ngazi ilimzidishia mtoto uzito kifuani. Walipofika chini, akasimama.

"Mama, usitie saini."

"Kwa nini?"

"Wiki ya pili, asubuhi, sikusoma mrija. Niliangalia dirishani. Nilikuwa nawahi mpira." Machozi yakamtoka. "Nilifikiri namba ni namba tu."

Mama hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alikaa kwenye ngazi ya mwisho, akafungua jedwali, akalitazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyemdhania ndugu.

"Jopo ni baada ya siku kumi na mbili," alisema hatimaye. "Chuo hiki kikikuta vipimo vya kubuni, mradi unafutwa. Na mwenye mradi naye anafutwa."

"Lakini hawajui, mama. Nimekwambia wewe peke yako."

"Sasa tunajua wawili, na wawili tunatosha. Haya, inuka turudi juu. Utamwambia mwenyewe."

Walipanda ghorofa tatu. Chiriku akasema yote, akitazama viatu vyake. Msimamizi alivua miwani ya machoni akabaki na ile ya kichwani.

"La kuvunda halina ubani," alisema. "Hizo asubuhi tano zichane. Zipime upya, na safari hii nenda naye, Mama Waya. Siku zinatosha kama hampotezi hata moja."

Jumatatu Chiriku alimwendea Twiga na kumwambia hataweza mazoezi ya asubuhi kwa zaidi ya wiki moja.

"Basi utakuwa mchezaji wa akiba," Twiga akasema kwa kununa.

"Sawa," Chiriku akajibu, ingawa ilimuuma.

Asubuhi hiyo, yeye na mama walisimama mbele ya tangi. Mrija ulisema tisini na nane. Mama akaenda dirishani, akarudi mbio.

"Kifaa kinasema mia moja na kumi!"

Siku ya pili, vivyo hivyo. Mchana kilisema kweli, asubuhi kilidanganya. Siku ya tatu mama akapanda ngazi hadi juu ya tangi, akafungua kifuniko, akacheka kwa sauti. Uso wa kihisi ulikuwa umejaa matone. Mvuke wa usiku ulikuwa umeganda hapo, na sauti ikawa inarudi kabla ya kuyafikia maji.

"Njoo uone, Chiriku! Wanafunzi wangekauka koo huku kioo kinasema maji yapo tele."

Mama akaleta kihisi kingine kisichoharibiwa na maji, akakizungushia kipande cha bomba la plastiki. Kisha akaandika upya programu, ili kifaa kipime mara saba na kuitupa namba yoyote iliyokwenda kombo. Asubuhi tano zilizofuata Chiriku alisoma mrija huku mama akisoma kioo. Tofauti haikuzidi sentimita moja, na safari hii ilikuwa tofauti ya kweli.

Siku ya jopo, Chiriku aliketi nyuma kabisa ukumbini. Mama alisimama wima, akaeleza bila kutazama karatasi. Mhadhiri mmoja mwanamke, mwenye sauti kavu, akamkatiza.

"Hiki kifaa kinakaa juu ya maji. Unyevu ukiganda kwenye kihisi asubuhi, itakuwaje?"

"Kitadanganya, mwalimu. Cha kwanza kilidanganya." Mama akaonyesha majedwali mawili, la kabla na la baada. "Hapo awali tulikuwa na vipimo visivyo vya kweli, tukavitupa. Tulipopima upya ndipo kosa lilipojitokeza."

Mhadhiri yule akatabasamu, akaandika kitu kirefu.

Baada ya nusu saa msimamizi alitoka mlangoni. "Mhandisi," alimwita mama, na mama akajifunika uso kwa mikono miwili.

Msimamizi akamgeukia Chiriku. "Mjukuu, chuo kinadai masomo yafaulu, mafunzo yafanywe, mradi utetewe. Hayo yote ni kwa ajili ya watu wengine kuamini kazi ya mhandisi bila kuiona. Namba ya uongo inapendeza, lakini inaficha kosa, na kosa likifichwa halitengenezeki. Ulipokiri ndipo kifaa kilipopona."

Chiriku akaitikia kwa kichwa.

Mama akamfungulia ripoti ukurasa wa shukrani. Mstari wa mwisho ulisema: "Kwa binti yangu, aliyepima maji ya asubuhi. Mara ya pili."